Mikia Niliyolehemu Butembo

Kutoka Punia, kwetu Maniema, mpaka Butembo nilitumia wiki tano, na sehemu kubwa ya njia niliipita kwa miguu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Shule niliyosomea umeme ilikuwa imegeuzwa kambi, wazazi wangu hawakuwapo tena, na watu walisema kwamba upande wa mashariki, kwa Wanande, vita haikuwa imewazuia watu kufanya biashara. Nilifunga safari na wachuuzi wanne waliosukuma baiskeli zenye mabidoni ya mafuta ya mawese. Wawili walirudi kutoka Lubutu. Mmoja alibaki njiani kwa shemeji yake. Wa nne alishikwa na homa, nikamwacha kwenye zahanati ya misheni akiwa hanitambui tena.

Kuanzia hapo nilikuwa peke yangu na msitu. Nilijifunza kukohoa kwa nguvu nikikaribia kijiji, ili watu wasinidhanie mwenye silaha anayewanyemelea. Mara nyingi nilikohoa bure. Milango ilikuwa wazi, jiko limepoa, hata kuku hakuna. Katika mfuko wangu mlikuwa na diploma iliyokunjwa mara nne, koleo ndogo, na testa, yaani kile kipimo cha umeme chenye mshale, zawadi ya mwalimu wangu wa mwisho. Katika kijiji cha Kasugho mama mmoja alinipa viazi vya moto, akakaa kando akinitazama nikila, wala hakuniuliza jina. Nilikuwa sijatamka jina langu kwa mtu kwa siku nyingi, na niliumia kidogo kwamba hakuuliza. Mji wa Musienene niliukuta katika siku ya soko, nikapanda lori, juu ya magunia ya maharage, na ndivyo nilivyoingia Butembo, asubuhi, katika ukungu na baridi ambayo mwili wangu haukuijua.

Kabla ya kuuona mji niliusikia. Butembo haikuwa na umeme wa serikali, kwa hiyo kila mwenye duka la maana alikuwa na groupe yake, mashine ya kuzalisha umeme kwa mafuta, na zote ziliunguruma pamoja. Nilitembea nikifuata mngurumo mpaka kwenye kibanda cha mabati chenye ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: CHARGE RADIO TÉLÉPHONE. Mlangoni alikaa mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Huyo alikuwa Papa Kasereka, chef d'atelier, yaani mkuu wa karakana, bwana wangu wa kwanza na wa pekee katika kazi hii.

"Unatoka wapi weye?" aliniuliza.

"Punia, Papa."

"Punia! Na miguu iko bado nayo?" Aliinama akaangalia viatu vyangu, akacheka. "Unajua nini?"

Nilimwonyesha diploma. Hakuisoma. Alinionyesha redio iliyofunguliwa tumbo na kuniambia niipe uhai. Waya mmoja ulikuwa umeachia. Niliulehemu kwa chuma cha moto na risasi, na redio ikasema. Papa Kasereka akageuka nyuma akaita: "Masika! Ongeza bugali. Kuna mutu."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuniuliza jina siku hiyo. Aliniita Punia, na mji wote ukaniita Punia mpaka siku niliyoondoka. Mchana tulikaa chini, yeye, mkewe Mama Masika, na mimi, tukala bugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika sahani moja kubwa ya bati. Katika nyumba ile wafanyakazi na mwenye kazi walikula pamoja, mikono katika sahani moja. Nilipojaribu kungoja, mzee alinisukumia kona yangu ya bugali kwa kidole.

"Hapa hatulishe bageni," alisema. "Mugeni njo anapewa sahani yake. Weye ni mutu wa nyumba."

Nililala katika stoo, kati ya maboksi ya redio, na nilikuwa na furaha ambayo ninaona haya kuieleza kwa watu waliokulia katika nyumba yenye watu.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana ninyi mnaobeba waya mmoja mfukoni na kuuchomeka popote hamwezi kujua tulivyoishi. Simu za mkononi ziliingia kwetu katikati ya vita, na kila aina ilikuja na mdomo wake. Mdomo tuliuita lile tundu ambamo chaja inaingia. Kulikuwa na mdomo mwembamba kama sindano, mdomo mwembamba zaidi ya huo, mdomo bapa wenye meno kama kitana, na mdomo ambao mpaka leo sijaona mwenzake. Redio nazo zilikuwa na mdomo wao mnene wa mviringo. Ukutani mwetu kulikuwa na misumari thelathini na minane, na kila msumari ulibeba chaja ya aina moja.

"Mutu akileta appareil, simu ao radio," Papa Kasereka alinifundisha, "hapana angalia mutu. Hata akikuwa commandant, angalia mudomo kwanza. Mutu anaweza kudanganya. Mudomo, hapana."

Tatizo lilikuwa barabara. Chaja zilitoka Kampala, na barabara ikifungwa hakuna kilichoingia. Mfanyabiashara aliyechaji simu yake Butembo alifika Beni ikiwa imezimika, akakuta wachajishaji wa kule hawana msumari wa mdomo wake. Kulikuwa na watu waliotembea na chaja shingoni kama rozari. Nilimwona mwalimu mmoja aliyetumwa kutoka jimbo la Équateur akizunguka vibanda vyote vya mtaa, siku ya tatu mfululizo, akiuliza mdomo bapa. Mkewe alikuwa upande mwingine wa vita. Mke ndiye aliyempigia kila Jumapili kutoka simu ya watu, na hakuwa na namba ambayo mwalimu angeweza kuipigia yeye. Hatukuwa na mdomo bapa. Alisema asante kana kwamba tumempa, akaenda kuuliza kwa jirani.

Ndipo wachajishaji wa mji walipounda Comité, kamati yao, na Président wake, karani wa zamani wa kiwanda cha kahawa, akaita mkutano katika ukumbi wa shule. Shauri lilikuwa hili: vibanda vyote, kutoka Alimbongo mpaka Beni, viwe na ubao wa matundu ya aina moja tu, yenye umeme wa volti sita. Kila mteja atengenezewe mkia wake. Mkia ni waya mfupi: upande mmoja pini ya pamoja inayoingia katika ubao wowote, upande wa pili pini inayoingia katika mdomo wa simu yake. Mtu angetembea na mkia wake mfukoni na kuchaji popote. Lilikuwa wazo zuri, na sisi hatukuomba ruhusa kwa mtu. Kilichobaki ni kuchagua pini ya pamoja.

Mabishano yalichukua mchana mzima. Waliotaka mdomo bapa walishindwa mapema, maana meno yake yalijaa vumbi, na hakuna aliyeweza kuyalehemu. Vijana wa karibu na soko walitaka ile nyembamba ya simu.

"Ile ni kitu ya ba-Kinshasa," alisema mzee mmoja. "Ukiigusa na roho mbaya inavunjika."

"Weye na roho yako unavunja hata muhini ya jembe," walimjibu, na ukumbi ukacheka.

Kisha Papa Kasereka alisimama. Alikuwa mkubwa kuliko wote katika kazi ile. Nusu ya waliokuwepo walijifunzia kwake. Akainua pini nene ya redio, wakaiona wote.

"Hii, mama yangu anaijua," alisema. "Inajaa mu maquincaillerie, mu maduka ya misumari, mu magunia. Ikianguka, inangojea. Ukiikanyaga, inacheka. Donc, munatafuta nini ingine?"

Walipiga makofi. Pini nene ikapita.

Mimi nilikaa nyuma yake, wala sikupiga makofi. Umeme wa namna ile una njia mbili, ile tunayoita plus, yaani chanya, na ile tunayoita moins, yaani hasi. Katika pini ya mviringo, njia moja iko ndani, katika tundu la katikati, na nyingine iko nje, katika ganda. Redio zetu za wakati ule zilikuwa na moins ndani. Simu zilikuwa na plus ndani. Nilijua kwa sababu nilizipima zote kwa testa yangu, msumari baada ya msumari, mwezi wangu wa kwanza. Mbao zote zingejengwa kwa desturi ya redio. Mkia ukilehemiwa moja kwa moja, ndani kwa ndani na nje kwa nje, simu ingepokea umeme kinyumenyume na kuungua.

Lakini mfanyakazi hasimami kumsahihisha bwana wake mbele ya watu aliowafundisha. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilikuwa nimeyaona. Nilingoja tufike nyumbani.

"Papa," nilimwambia, "mu radio, moins njo iko ndani. Mu simu, plus njo iko ndani."

Alikuwa anavua viatu. "Na ile inaleta nini?"

"Simu itaungua."

"Punia. Niliunga radio ya kwanza mbele mama yako akuzale. Umeme ni umeme. Iko kama maji mu tuyau, mu bomba, haiulize mulango." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. "Kesho tunaanza mikia. Ulale."

Nilipaswa kusema tena. Ningeweza kuleta testa, kumwonyesha mshale ukirudi nyuma. Miwani yake haikuwa inaona mshale vizuri, hilo nalo nililijua, na sikutaka kumlazimisha akiri. Niliona njia mbili tu. Nikimbishia, naiweka hatarini nyumba pekee niliyokuwa nayo. Nikinyamaza, simu za watu zinaungua, na jina lake linaungua nazo. Basi nikajitafutia njia ya tatu, na njia hiyo ndiyo ninayoiandikia haya.

Kazi tuliigawana. Macho ya mzee yalichoka na nyaya nyembamba, kwa hiyo yeye alitengeneza mikia ya redio, mimi mikia ya simu. Kila mkia wa simu niliouunga, nilivusha nyaya: ya ndani nikaipeleka nje, ya nje nikaipeleka ndani, kisha nikafunga gundi ya plastiki juu ili isionekane. Nilifanya hivyo saa sita mchana, Mama Masika alipoita chakula, nikijifanya ninazima groupe. Halafu nilinawa mikono, nikaenda kukaa nao kwenye sahani. Hakuna simu hata moja iliyoungua kwetu.

Kwa wengine ziliungua. Kwanza Butembo, kisha Beni, halafu habari zikaja kutoka Alimbongo. Mtu alichomeka mkia mpya, akasikia harufu, na simu iliyomgharimu ng'ombe ikawa jiwe. Wateja wakaanza kuhama vibanda vyao na kuja kwetu. Wakasema Papa Kasereka ana mkono. Wengine walisema amefunga dawa katika mikia, na mama mmoja aliomba auziwe hiyo dawa peke yake, bila mkia.

"Dawa ni akili," mzee alimjibu, akagonga paji la uso wake. Kisha alinigeukia, akakonyeza jicho. "Unaona, Punia? Walitaka nyembamba!"

Nilicheka naye. Kwa miezi mitatu nilicheka naye. Aliongezeka kimo. Jumapili baada ya misa watu walimngoja nje ya kanisa kumuuliza juu ya mikia yao, naye aliwajibu akiwa ameshika kofia kifuani, na mimi nilisimama hatua mbili nyuma, mtu pekee katika uwanja ule aliyejua. Sikuwahi kuwa peke yangu namna hiyo hata msituni. Msituni nilikuwa ninamkosa mtu wa kusema naye. Hapa nilikuwa naye kila siku, tunachovya sombe moja, na neno lenyewe nilikuwa nimelikalia.

Ndipo barua ilipokuja kutoka Comité ya Beni. Waliomba Papa Kasereka aende akawafundishe mkono wake, mbele ya wote.

Tulisafiri katika pikapu iliyobeba kabichi. Mzee alivaa koti la harusi yake. Kila kizuizi tulipotoa shukrani kidogo kwa wanajeshi, aliwaambia anakwenda kufundisha. Nilijaribu njiani.

"Papa, Beni niunge mine. Weye utabaeleza, mine nitaunga."

"Macho ya leo ni mazuri," alisema. "Niliomba Mungu. Na watu wanataka kuona mukono wa mwalimu, hapana wa mwanafunzi." Alinishika goti. "Hapana ogopa. Nitabaambia weye ni mutoto wangu."

Nilitazama kabichi mpaka Beni.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Mbele waliweka meza, ubao wenye matundu ya pini nene, na chuma cha kulehemu kilichokwisha pata moto. Président wa kule alikuwa mwanamke, Mama Kahindo, mwenye vibanda viwili karibu na uwanja wa magari na sauti iliyozoea kushinda honi. Alitoa simu yake mwenyewe akaiweka mezani.

"Hii ni ya pili," alisema. "Ya kwanza tuliizika na maua. Papa Kasereka, ukiua na hii, utanioa."

"Mama Masika atakata mukono wote mbili," mzee alimjibu, "na mutabakia bila mwalimu." Walicheka sana. Walikuwa wanampenda tayari.

Alikaa, akavaa miwani, akakata waya. Nilisimama kando yake nikimshikia risasi. Aliunga ndani kwa ndani. Aliunga nje kwa nje. Kazi yake ilikuwa safi, ya kupendeza, risasi inang'aa kama tone la maji. Alipuliza, akaichomeka pini nyembamba katika simu ya Mama Kahindo, akaushika upande wa pini nene, akausogeza kwenye ubao.

"Papa, ngoja," nilisema.

"Nini?"

"Nyaya zinapaswa kuvuka."

Alinitazama juu ya miwani. Alidhani ninacheza. "Zivuke ziende wapi?"

"Ya ndani iende inje. Ya inje, ndani. Ukiingiza vile, itaungua."

"Na zile za Butembo? Haziungue."

Kila mtu alisikia. Nilisema polepole. "Za Butembo, mine nilizivusha. Zote. Tangu mwanzo."

"Zote?"

"Zote, Papa."

Aliuweka mkia mezani kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine. Akainuka, akanionyesha kiti. "Basi fanya," alisema.

Niliachanisha nyaya, nikazivusha, nikalehemu tena. Nikachomeka. Taa ya simu ikawaka, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama Kahindo alinishika mkono wangu wa kulia akauinua juu.

"Kumbe mukono ni wa huyu!" alipiga kelele.

Papa Kasereka alikuwa anapiga makofi pamoja nao. Nilimwona vizuri. Alipiga makofi mpaka wote walipomaliza.

Mchana huohuo waliniuliza kitu cha kufanya, nami niliwaeleza. Pini nene ibaki, maana mzee alisema kweli kwamba ilikuwa ngumu na ilipatikana, lakini mbao zote zigeuzwe, plus ije ndani. Kuanzia hapo mikia ya simu ingeungwa moja kwa moja bila kuvusha, na mikia ya redio ndiyo ingevushwa. Redio ina tumbo gumu, ukikosea hainuni sana. Simu hufa papo hapo. Walipopiga kura, Papa Kasereka aliinua mkono kama wengine. Wiki iliyofuata Butembo nao walikubali, nikaifungua na kuiunga upya mikia yangu yote ya zamani, na Président wetu akaniandika katika daftari la Comité kama mshauri wa ufundi.

Kurudi, pikapu haikuwa na mzigo. Tulikaa kila mtu upande wake.

Siku ya pili, saa sita, Mama Masika aliita chakula. Nilinawa mikono nikaenda. Kwenye mkeka kulikuwa na sahani kubwa, na kando yake, juu ya kiti kidogo chenye kitambaa, sahani nyeupe ya udongo, mpya, yenye bugali, nyama, na kijiko. Nyama ilikuwa kwangu tu.

"Karibu, Monsieur," alisema Papa Kasereka.

Sikujua nikae wapi. Nilimtazama Mama Masika, naye alikuwa anatazama mikono yake. Mzee alipomaliza kula na kutoka, nilimfuata mama jikoni.

"Mama, nimekuwa mugeni?"

"Kula, mutoto wangu. Inapoa."

"Nilimwokoa. Simu ingeungua pale mbele ya bote."

Alisugua sufuria muda mrefu. "Hapana inamuuma juu ulisema Beni," alisema mwishoni. "Inamuuma juu haukusema hapa. Miezi tatu alikuwa anacheza, na weye njo ulikuwa unapiga ngoma. Aliniambia: hata mutu wa njia angenishika mukono, anizuie."

Mzee hakunifukuza. Wala hakuwahi kuniambia neno baya. Aliniita Monsieur, aliniachia meza yenye mwanga mzuri, na alipokuja mteja wa simu alimwelekeza kwangu kwa kidole. Kila mchana nilipata sahani yangu nyeupe yenye kijiko. Nilijaribu kuomba msamaha mara mbili. Mara ya kwanza alisema hakuna tatizo. Mara ya pili alisema hivyohivyo, kwa Kifaransa.

Kazi, hiyo ilikwenda vizuri. Pini moja ilishika kutoka Alimbongo mpaka Beni, na mahali ambapo barabara ilifungwa kwa risasi, mikia ilipita mfukoni mwa watu. Niliunga mikia isiyo na hesabu. Yule mwalimu wa Équateur alipata wa mdomo bapa, niliutengeneza jino kwa jino kwa siku mbili, na Jumapili nilimwona kwa mbali kilimani, simu sikioni, akitembea mbele na nyuma kama mtu aliye chumbani kwake. Mimi nilikuwa na simu pia kufikia wakati huo. Nilikuwa ninaichaji kila asubuhi. Hakuna mtu wa Punia aliyekuwa na namba yangu, na Butembo hakuna aliyekuwa na sababu ya kunipigia, maana wote walijua nilipokaa.

Nilivumilia mwaka na miezi kadhaa. Vita ilipoanza kulegea, na malori yakasemekana yanapita tena Komanda na Mambasa kuelekea Kisangani, nilimwambia mzee ninaondoka. Alisema ni haki yangu.

Tangu hapo nimefanya kazi hii katika miji mingi: Kisangani, Isiro, Kalemie, hata machimboni. Sikukaa popote zaidi ya miaka mitatu. Miaka miwili iliyopita niliacha. Sasa nina zaidi ya arobaini, macho yangu nayo yamechoka na nyaya nyembamba, na viwanda vya mbali vimekubaliana mdomo mmoja, kwa hiyo hakuna anayehitaji mikia. Vijana wanapoonyeshana waya huo kama ajabu, mimi hunyamaza. Najua mkutano kama huo unavyokwenda. Watu huchagua kile ambacho mkubwa wao anakijua tangu zamani, na nyuma yake hukaa mtu mwenye testa. Ningependa kumwambia mtu huyo aongee mapema, nyumbani, mara ya pili na ya tatu, hata akikaripiwa. Upole wangu ulikuwa uvivu wa roho, na niliutoza mtu mwingine.

Siku niliyoondoka Butembo kwa mara ya mwisho, ukungu ulikuwa haujainuka. Mama Masika alinifungia viazi na kubaki mlangoni. Papa Kasereka alinisindikiza mpaka uwanja wa malori, kama wanavyomsindikiza mgeni, akiwa amebeba mfuko wangu bila kunikubalia niuchukue. Lori lilikuwa limekwisha jaa, na watu juu ya mzigo walikuwa wanamtukana dereva kwa kuchelewa. Mzee aliniwekea mfuko juu. Kisha akatoa mkia mfukoni mwa koti.

"Mine niliunga moja," alisema. "Wa simu. Uniangalilie."

Wachajishaji wawili wa uwanjani walikuwa wanamtambua, wakasogea. Niligeuza mkia kwenye mwanga. Risasi iling'aa. Lakini nyaya zilikuwa zimevushwa, kama nilivyokuwa ninazivusha mimi wakati wa siri yangu. Kwenye mbao za sasa, mkia ule ungeiua simu.

Alikuwa ananitazama usoni, si mikononi.

"Ni mubaya, Papa," nilisema, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Umeivusha. Itaunguza simu ya mutu."

Wale wawili walitazama chini. Papa Kasereka alichukua mkia wake. Midomo ilimtetemeka kidogo. Sikujua kama ni kicheko.

"Eh-he," alisema. "Na ungesema vile siku ile."

"Ndiyo, Papa."

"Panda. Banakuachia."

Mpaka leo sijui kama alikosea, au kama aliuvusha makusudi aone nitasema nini. Nilipanda. Lori lilipoanza kutembea nilimtafuta, nikamwona amekaa juu ya jiwe kati ya magurudumu ya malori mengine, miwani juu ya paji la uso, anaufungua ule mkia kwa meno.